Nani Aliyeizima Nuru ya Augustino?

Kwa miaka kadhaa nilimtwika Thomas wa Aquino lawama isiyokuwa yake. Niliamini, kama wanavyoamini wengi tunaojifunza historia ya falsafa kwa njia ya muhtasari, kwamba wanafalsafa Wakristo wa zama za kati waligawanyika makambi mawili: huku Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini wa karne ya 4 na ya 5, na wafuasi wake, waliosema kuwa mwanadamu hawezi kujua ukweli wowote kwa hakika asipoangaziwa na Mungu, na kule Thomas, ambaye baada ya kumsoma Aristotle aliishusha nuru hiyo kutoka mbinguni, akaitia kichwani mwa mwanadamu na kuiita akili. Simulizi hiyo inakumbukika kwa urahisi. Lakini nilipoketi na kuvisoma vitabu vyenyewe, kwa mwendo wa kobe na kamusi ya Kilatini pembeni, niligundua kwamba imepinda karibu kila mahali. Aliyelivunja fundisho la kuangaziwa alikuwa Mfransisko, yaani mtawa wa shirika la Fransisko wa Asizi, mtoto wa nyumba ileile iliyolilea fundisho hilo kwa wivu mkubwa kuliko nyumba nyingine zote. Na hata huyo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, hoja yake ilimjibu mtu mwingine, wala haikumfikia Augustino.

Kwanza niseme neno kuhusu lugha. Kilatini cha wasomi hao kilitofautisha lux, yaani mwanga ukiwa bado katika chanzo chake, na lumen, yaani mwanga uliokwisha kusambaa kutoka kwenye chanzo hicho. Kiswahili hakina mgawanyo kama huo, lakini kina nuru na mwanga, nami nitayatumia maneno haya mawili hivi: nuru kwa ile iliyo ya Mungu mwenyewe, na mwanga kwa ule unaokaa ndani ya kiumbe. Ninajua kwamba mwanga pia ni mchawi, na msomaji atanivumilia. Jambo la pili ni kwamba lugha yetu, kama Kilatini, hutumia kitenzi cha macho kwa tendo la akili. Mtu aliyeelewa husema "nimeona", hata kama alikuwa amefumba macho. Mjadala wote ninaouzungumzia umejengwa juu ya msemo huo mdogo: ikiwa kuelewa ni kuona, na hakuna kuona bila mwanga, basi akili inaonea kwa mwanga gani?

Augustino, hata hivyo, alianza na maneno. Mnamo mwaka 389 hivi, akiwa amerudi Thagaste, mji wake wa kuzaliwa ambao leo huitwa Souk Ahras na uko nchini Algeria, aliandika mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus, yaitwayo De Magistro, yaani "Kuhusu Mwalimu". Swali lake linasikika kama la kitoto: je, maneno hufundisha? Baba anachukua neno geni kutoka kitabu cha Danieli, sarabarae, ambalo kwa ufahamu wake ni aina ya vazi la kichwani, kisha anauliza kulisikia neno hilo kumemfunza nini. Kama hajawahi kuliona vazi lenyewe, neno ni sauti tupu inayopita sikioni; na akishaliona, kilichomfunza ni macho yake, wala si neno. Neno linaweza kumwelekeza mtu atazame upande fulani, lakini kutazama ni kwake mwenyewe.

Hayo ni mambo ya macho. Katika mambo ya akili hoja inazidi kuwa kali. Augustino anauliza ni nani mwenye udadisi wa kipumbavu kiasi cha kumpeleka mwanawe shuleni ili akajifunze mwalimu anawaza nini. Tunawapeleka ili wajifunze hesabu na jometri, sio maoni ya mwalimu kuhusu hesabu na jometri. Mwalimu akimaliza kueleza, mwanafunzi hujipima ndani mwake kama aliyoambiwa ni kweli, na akiona kuwa ni kweli, hapo ndipo amejifunza. Nimewahi kufundisha jometri, na ninaifahamu hali hiyo vizuri: unaeleza uthibitisho mara mbili, mara tatu, uso ulio mbele yako umefunga kama ukuta, halafu ghafla unafunguka, pengine katikati ya sentensi yako ambayo haikuwa hata na jambo jipya. Kilichotokea hapo sikukifanya mimi. Augustino anasema kuna mwalimu mwingine ndani, na mwalimu huyo ni Kristo, akiyategemea maneno ya Injili ya Mathayo kwamba mwalimu wetu ni mmoja.

Msomaji asiye Mkristo anaweza kuhisi kwamba hapo falsafa imekoma na mahubiri yameanza. Nami nilihisi hivyo, mpaka nilipoona swali linalomsukuma Augustino. Katika kitabu cha 12 cha Maungamo yake, akibishana na watu wanaoyasoma maandiko ya Musa kwa namna tofauti na yeye, anauliza hivi: ikiwa sisi wawili tunaona kwamba unachosema wewe ni kweli, na sisi wawili tunaona kwamba ninachosema mimi ni kweli, je, tunaona wapi? Mimi sioni ndani yako, wala wewe huoni ndani yangu. Jibu lake ni kwamba sote wawili tunaona katika ukweli usiobadilika ulio juu ya akili zetu. Katika kitabu cha 2 cha andiko lake kuhusu uhuru wa hiari, swali hilohilo linavaa nguo za hesabu. Saba na tatu ni kumi. Si kwangu tu, wala si leo tu. Kila mtu ana macho yake na masikio yake, na hakuna awezaye kuonja kwa ulimi wa mwenzake, lakini jumla ya saba na tatu haina mwenyewe. Inawezekanaje kitu kisicho mali ya yeyote kiwe wazi ndani ya kila mmoja?

Plato alikuwa na jibu lake: roho iliyaona hayo yote kabla ya kuzaliwa, na kujifunza ni kukumbuka. Augustino alilichezea jibu hilo ujanani, kisha akaliacha, na katika kitabu cha 12 cha De Trinitate ana hoja moja inayonichekesha kila nikiisoma. Kama yule mtumwa asiyesoma, ambaye katika mazungumzo ya Plato anatatua swali la jometri kwa kuhojiwa tu, anakumbuka jometri aliyoijua katika maisha ya awali, basi kila anayehojiwa vizuri lazima awe aliwahi kuwa mwanajometri, na wanajometri ni wachache mno duniani kwa jambo hilo kusadikika. Badala ya kumbukumbu anaweka sasa: akili inaviona vitu hivyo katika mwanga fulani usio wa mwili, ulio wa aina yake, kama jicho la nyama linavyoona vilivyo karibu nalo katika mwanga wa jua. Kumbe nuru ya Augustino iliingia katika falsafa kuziba pengo lililoachwa na kumbukumbu ya Plato.

Hapa pana jambo ambalo muhtasari hulikanyaga. Augustino hakusema kwamba Mungu hututia picha za vitu kichwani. Anasema waziwazi kwamba Carthage anaijua kwa sababu aliiona, na Alexandria, ambayo hakuwahi kufika, anaiwazia tu kutokana na aliyosimuliwa. Picha huja kwa njia za kawaida za mwili. Nuru inaingia penye hukumu. Alikuwa ameona tao la jengo huko Carthage, lililopinda kwa uzuri na ulinganifu. Picha ya tao hilo ilikaa katika kumbukumbu yake, lakini kipimo alichokitumia kuamua kwamba tao limepinda inavyopaswa hakikutoka katika tao lile, kwa kuwa ndicho kilichotumika kulipima. Wala hakusema kwamba kwa kuona hivyo tunamwona Mungu. Mtu anaweza kusoma kitabu mchana kutwa bila kulitazama jua hata mara moja.

Mfano huo wa jua ulisafiri karne nyingi bila kuchoka. Anselm, katika Proslogion aliyoiandika mnamo 1077 na 1078, anamwambia Mungu kwamba nuru yake haioni kwa kuwa inamzidi nguvu, lakini kila anachokiona anakiona kwa hiyo, kama jicho dhaifu linavyoona kwa mwanga wa jua ambalo haliwezi kulikodolea. Robert Grosseteste, aliyekuwa askofu wa Lincoln kuanzia 1235 hadi 1253, aliurudia mfano huo katika andiko lake kuhusu ukweli. Yeye alikuwa na mapenzi ya pekee kwa mwanga: katika De luce alidai kwamba umbo la kwanza la mwili ni mwanga wenyewe, uliojitanua kutoka nukta moja ukaujenga ulimwengu kama tufe. Ni andiko fupi na la ajabu, lakini ni habari ya mwanga wa maumbile, na si la leo.

Kilichobadilisha mazungumzo ni tafsiri. Katika karne ya 12, hasa mjini Toledo, vitabu vya falsafa vilianza kutafsiriwa kwa wingi kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, na pamoja navyo ikaja elimu ya nafsi ya Aristotle na ya Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu. Aristotle naye alikuwa ametumia mfano wa mwanga: katika kitabu cha 3 cha De Anima anasema kuna akili inayofanya mambo yote yaeleweke, kama mwanga unavyozifanya rangi zilizokuwa zikingoja gizani zionekane. Akili hiyo tendaji ni nini, na iko wapi, Aristotle hakufafanua, na ukimya wake uliwapa watu kazi kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Ibn Sina aliiweka nje ya mwanadamu: ni akili moja ya mbinguni, inayozimimina dhana katika roho zilizojiandaa kuzipokea. Kwa Mkristo aliyelelewa na Augustino, hatua iliyobaki ilikuwa fupi, na Roger Bacon, Mfransisko wa Uingereza, aliipiga bila kusita: akili tendaji ni Mungu mwenyewe.

Bonaventura, naye Mfransisko, alikuwa mwangalifu zaidi, na kwangu yeye ndiye anayestahili kusomwa polepole. Mnamo 1254 hivi, akiwa mwalimu Paris, aliuliza katika maswali yake kuhusu elimu ya Kristo kama kila tunachokijua kwa hakika tunakijua katika kanuni za milele zilizomo katika akili ya Mungu. Anaweka masharti mawili ya uhakika: kinachojulikana kisiweze kubadilika, na anayejua asiweze kukosea. Vitu vya dunia hubadilika, na akili zetu hukosea. Kwa hiyo uhakika unahitaji tegemeo lisilo na udhaifu huo, na hilo haliwezi kuwa kiumbe.

Lakini kwa namna gani? Bonaventura anazikataa njia mbili kabla ya kuionyesha yake. Ya kwanza ni kusema kwamba nuru ya milele ndiyo sababu pekee na kamili ya kujua. Hapo, anasema, hakutakuwa na tofauti kati ya elimu ya msafiri wa dunia hii na elimu ya aliyefika kwa Mungu. Tena, kwa kuwa kanuni hizo hatuzioni wazi, mtu atalazimika kusema hajui chochote kwa hakika, kama wale Wanaakademia wa kale walioshuku kila jambo. Njia ya pili ni kusema kwamba Mungu anatuchangia kwa jumla tu, kama anavyovichangia viumbe vyote ili vifanye kazi zao. Hapo jibu lake ni zuri mno: kama ndivyo, Mungu hastahili kuitwa mtoaji wa hekima zaidi ya anavyostahili kuitwa mrutubishaji wa ardhi. Njia yake ni ya katikati. Kanuni za milele hufanya kazi pamoja na akili ya kiumbe, zikiiongoza na kuisukuma, na kwa kadiri fulani akili huzitupia jicho. Kilatini chake ni contuitio, neno ambalo ningelieleza kuwa ni kuona kitu kwa pembeni huku ukitazama kingine.

Miaka michache baadaye, akiwa mkuu wa Wafransisko tangu 1257, alipanda mlima La Verna mwaka 1259 kutafuta utulivu, na kutokana na safari hiyo akaandika Itinerarium mentis in Deum, "Safari ya Roho Kumwelekea Mungu". Katika sura ya 5 anashangazwa na upofu wa akili, ambayo haikitambui kile inachokiona kwanza na ambacho bila hicho haiwezi kujua lolote. Jicho likizama katika rangi mbalimbali haliuoni mwanga unaolionyesha rangi hizo. Na akili iliyozoea giza la vitu, ikikutana na nuru yenyewe, hudhani haijaona kitu. Ninaipenda sura hiyo kuliko ninavyoweza kuitetea. Kila nikilirudia swali la jinsi akili yangu na kanuni ya milele zinavyoshirikiana katika tendo moja la kujua, ninaona Bonaventura ameshika ncha zote mbili za kamba bila kunionyesha fundo.

Thomas, aliyefundisha katika jiji lilelile na kufa mwaka uleule wa 1274, alikuwa na fundo lake. Katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 84, kifungu cha 5, anauliza waziwazi kama roho inavijua vitu katika kanuni za milele, na jambo lililonishangaza siku ya kwanza ni kwamba jibu lake ni ndiyo. Anaeleza kuwa kuna kuona kitu ndani ya kingine kama katika kioo, na hivyo ndivyo wanavyoona walio mbinguni. Na kuna kuona katika kitu kama chanzo cha kuona, jinsi tunavyosema tunaona katika jua vile tunavyoviona kwa jua. Kwa namna hii ya pili sote tunajua katika kanuni za milele, kwa sababu mwanga wa akili ulio ndani yetu ni mfano wa nuru isiyoumbwa, nao unaishiriki nuru hiyo. Anaitia muhuri hoja yake kwa Zaburi ya 4 kama ilivyosomeka katika Kilatini chao, kwamba nuru ya uso wa Bwana imetiwa chapa juu yetu. Kisha anaongeza sharti: mwanga huo peke yake hautoshi, kwani ili kuvijua vitu vya dunia tunahitaji pia kupokea maumbo ya vitu hivyo kupitia hisi.

Basi Thomas hakuizima nuru. Aliifanya kuwa uwezo wetu wa kuzaliwa nao, tuliopewa mara moja na Mungu anayeutegemeza wakati wote. Tofauti yake na Bonaventura ni kubwa, lakini iko mahali padogo: je, baada ya kumpa mwanadamu akili, Mungu ana kazi nyingine ya pekee katika kila hukumu ya hakika? Thomas anasema kwa ukweli wa kawaida haihitajiki. Bonaventura angemwuliza: Mungu huyo basi ana tofauti gani na mrutubishaji wa ardhi?

Wafransisko walikasirika. Tarehe 7 Machi 1277, siku ambayo Thomas alikuwa anatimiza miaka mitatu kaburini, Stephen Tempier, askofu wa Paris, alilaani hoja 219 zilizosemekana kufundishwa chuoni hapo, nyingi zikiwa zimetokana na usomaji wa Aristotle na wa Ibn Rushd, mfafanuzi wake Mwislamu. Mwaka 1285, John Peckham, Mfransisko aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, aliandika barua akilalamika kwamba elimu mpya inabomoa kwa nguvu zote yale aliyofundisha Augustino kuhusu kanuni za milele na nuru isiyobadilika. Barua hiyo ndiyo, nadhani, baba wa simulizi niliyoiamini. Peckham alimwonyesha adui kidole, nasi bado tunakitazama kidole hicho.

Mtu aliyelifikisha fundisho la kuangaziwa kwenye ukingo wa shimo alikuwa rafiki wa fundisho lenyewe. Henry wa Ghent, mwalimu wa taalimungu Paris kuanzia 1276 na mmoja wa walioketi katika kamati ya Tempier, aliitenganisha elimu ya kitu kilicho kweli na elimu ya ukweli wa kitu. Ya kwanza hata hisi huweza kuipata. Ya pili inataka ulinganishe kitu na kielelezo chake, na vielelezo viko viwili. Kimoja kimeumbwa, yaani dhana tunayoitoa sisi wenyewe katika vitu. Cha pili hakikuumbwa, nacho ni wazo la Mungu. Kielelezo kilichoumbwa, anasema Henry, hakiwezi kutupa ukweli safi, kwa sababu tatu: kimetolewa katika kitu kinachobadilika, kinakaa katika roho inayobadilika na kukosea, na hakina alama ya kukitofautisha na uongo, kwa maana picha zilezile hutujia ndotoni nasi tukadhani ni vitu vyenyewe. Ukweli safi unahitaji nuru ya Mungu iupige chapa, na nuru hiyo Mungu humpa amtakaye na kumnyima amtakaye. Soma tena sentensi hiyo. Nuru ambayo kwa Augustino ilieleza kwa nini saba na tatu ni kumi kwa kila mtu, sasa imekuwa fadhila ya kugawiwa.

John Duns Scotus, yule Mfransisko niliyemdokeza mwanzoni, aliyezaliwa Scotland mnamo 1266 hivi na kufa Cologne mwaka 1308, alimjibu Henry katika kitabu cha kwanza cha Ordinatio, fungu la 3, na jibu lake ni mojawapo ya majibu makali zaidi niliyowahi kusoma. Hatetei kwanza uwezo wa mwanadamu. Anamchukua Henry kwa neno lake. Kama vitu hubadilika mfululizo hata visiwe na lolote la kudumu, basi kuvijua kana kwamba havibadiliki ni kuvijua visivyo, na hakuna nuru itakayolifanya kosa hilo liwe uhakika. Kama kinachokaa katika roho inayobadilika hakiwezi kutulinda na kosa, basi hata tendo la kujua chini ya nuru ya Mungu linakaa katika roho hiyohiyo. Na kama dhana zetu hazitofautiani na ndoto, kuziongezea kielelezo cha pili hakuondoi kasoro ya cha kwanza, kwa kuwa vinafanya kazi pamoja. Wanamantiki wanajua kuwa hoja yenye kauli moja ya lazima na nyingine isiyo ya lazima haizai hitimisho la lazima. Hitimisho hufuata upande ulio dhaifu. Sababu za Henry, zikishika, hazimfikishi mtu kwa Mungu. Zinamfikisha katika kushuku kila kitu.

Baada ya kubomoa, Scotus anajenga. Kuna misingi inayojulikana mara maneno yake yanapoeleweka, kama ule kwamba kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake. Hata hisi zikidanganya zote, msingi huo hautikisiki, na anatoa mfano wa mtu aliyezaliwa kipofu ambaye kwa muujiza anaonyeshwa weupe na weusi ndotoni: akiamka, atajua kwa hakika kwamba weupe si weusi, ingawa macho yake hayajamwonyesha lolote. Kuna mambo ya mang'amuzi, ambayo tunayahakikisha kwa kanuni kwamba kinachotokea mara nyingi kutokana na sababu isiyo na hiari ni tokeo la asili la sababu hiyo. Kuna matendo yetu wenyewe, kwa mfano kwamba niko macho. Na kuna mambo ya hisi za sasa: fimbo iliyozama nusu majini huonekana imevunjika, lakini akili hulisahihisha jicho, kwa kuwa inajua kwamba kitu kigumu hakivunjwi na kitu laini kinachokipisha. Mengi ya haya anayanukuu kutoka kwa Augustino mwenyewe, ambaye tangu 386 alikuwa amewaandikia Wanaakademia kitabu cha kuwapinga. Ni kama mtu anayemfukuza mpangaji kwa kutumia hati za mwenye nyumba.

Baada ya hapo fundisho la kuangaziwa, kama maelezo ya uhakika, halikusimama tena katika vyuo vile. Ockham, Mfransisko mwingine, aliijenga elimu yake ya kujua bila kulihitaji.

Sasa nieleze kwa nini ninasema Scotus alimjibu Henry na sio Augustino. Henry, na kabla yake Bonaventura, waliuliza: mimi, kiumbe dhaifu, nitapataje uhakika? Hilo Scotus amelijibu, nami sijaona pa kumkamata. Lakini swali la Augustino katika Maungamo halihusu uhakika wa mtu mmoja. Wale wawili wanaozungumza hapo wana uhakika tayari. Kinachomshangaza ni kwamba wanauona ukweli mmoja. Ukimwambia kwamba kila mmoja, mara alipoyaelewa maneno, ameona kwa akili yake mwenyewe uhusiano uliomo ndani ya maneno hayo, amekwisha kukubali, kwani ndivyo alivyosema katika De Magistro. Bado atauliza uhusiano huo uko wapi, maana hauko kichwani mwangu wala mwako, na ulikuwapo kabla hatujazaliwa sote wawili.

Scotus hakulipuuza jambo hilo, ingawa wengi wanaomsoma hufunga kitabu mapema. Mwishoni mwa swali lilelile anakubali kwamba kwa maana kadhaa tunaweza kusemwa tunaona katika kanuni za milele, na maana iliyo nzito ni hii: vitu vina kueleweka kwake kutokana na akili ya Mungu, ambayo kwa kuvijua imevifanya viweze kujulikana. Nuru haiangazi tena jicho. Inakaa ndani ya kinachoonekana. Kwangu hilo liko karibu na Augustino kuliko Henry alivyowahi kuwa, ila Scotus analisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemaliza kazi aliyoitwa kuifanya na hataki kuanzisha nyingine.

Tangu nilipoyaona hayo nimerudi kwa De Magistro mara nyingi kuliko kwa Summa au Ordinatio. Adeodatus hana mengi ya kusema mwishoni. Anakiri tu kwamba maneno ya baba yake yamemfunza kuwa maneno hayafanyi zaidi ya kumkumbusha mtu ajifunze, na kwamba kama waliyosemezana ni kweli, amelijua hilo kwa yule anayekaa ndani. Kijana huyo, aliyebatizwa Milan mwaka 387 pamoja na baba yake, alikufa angali mdogo. Augustino anamtaja katika kitabu cha 9 cha Maungamo, na anashuhudia mbele za Mungu kwamba mawazo yote yaliyowekwa kinywani mwa mwanawe katika kitabu kile yalikuwa ya kijana mwenyewe, alipokuwa na umri wa miaka 16, na kwamba kipaji chake kilimtia hofu. Katika mtoto yule, anaandika, mimi sikuwa na changu isipokuwa dhambi.